Gari Lina Jina, Aliyeliunda Hana

Kila kinapoitishwa kikao cha watumishi kuzungumzia "tatizo la vijana" katika wilaya zetu za mpakani, na Kyela ni mojawapo, haichukui muda lawama kutua kwenye vibanda umiza. Itasemwa kwamba vijana wanashinda humo wakitazama filamu za Marekani zilizotiwa Kiswahili. Kwamba wanayajua majina ya magari ya Detroit kuliko majina ya machifu waliotawala bonde lao. Kwamba akili ya taifa inateketea gizani mbele ya televisheni moja na spika mbili zinazokoroma. Msemaji hupigiwa makofi, karatasi ya posho huzungushwa, kikao hufungwa.

Nimeamua kuwa wakili wa washitakiwa hawa. Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, maana nina shauri langu nao pia, lakini kwanza haki itendeke. Anachokijua kijana wa Kyela kuhusu magari ya sinema ni elimu, na wanaoibeza elimu hiyo hawajapata kuipima.

Basi tuipime. Magari ninayoyazungumzia ni yale ambayo Wamarekani wenyewe huyaita magari ya misuli: bodi ya ukubwa wa kati, milango miwili, bei ambayo kijana mwenye ajira aliweza kuimudu, na chini ya boneti injini ya silinda nane ambayo kwa kawaida ingewekwa kwenye gari kubwa zaidi. Wengi wanaoandika historia yake huanzia kwenye Pontiac GTO ya mwaka 1964, pale John DeLorean na wahandisi wenzake walipochukua injini ya lita 6.4 na kuipachika kwenye Tempest, gari la kawaida la familia. Muongo mmoja baadaye zama hizo zilikuwa zimekwisha. Lakini sinema iliyadaka magari yale yakiwa katika ubora wake na haijayaachia hadi leo. Ndiyo maana kijana aliyezaliwa Ipinda au Ngonga miaka thelathini baadaye anaweza kukueleza habari zake kana kwamba yameegeshwa kwa jirani.

Chukua mfano wa Dodge Charger. Katika filamu ya Bullitt ya mwaka 1968, ambamo Steve McQueen anaipeleka Mustang ya kijani juu na chini ya vilima vya San Francisco, wauaji anaowafukuza wamo ndani ya Charger nyeusi ya mwaka huo huo. Katika The Dukes of Hazzard, tamthilia ya televisheni iliyorushwa kuanzia 1979 hadi 1985, binamu wawili wanaruka mito kwa Charger ya rangi ya chungwa ya mwaka 1969. Na katika The Fast and the Furious ya mwaka 2001, Dominic Toretto anaihifadhi gerejini Charger nyeusi ya mwaka 1970 aliyoijenga pamoja na baba yake. Umbo la bodi ni lile lile katika miaka yote mitatu. Asiye na jicho ataona gari moja. Mwenye jicho huanzia nyuma: taa za duara, mbili kila upande, hiyo ni ya 1968. Taa zikiwa ndefu na zimelala, anahamia mbele: grili iliyogawanywa katikati ni ya 1969, isiyogawanywa, iliyozungukwa na bampa la kromu kama kioo kilivyozungukwa na fremu, ni ya 1970. Ukimbana zaidi atakwambia kwamba wale wa The Dukes of Hazzard waliharibu Charger zaidi ya mia mbili kwa kuzirusha, na kwamba zilipoadimika walizikamata hata za 1968 na za 1970 wakazibadilisha sura zifanane na ya 1969. Kwa hiyo jicho lake limejifunza kutambua gari, na limejifunza pia kutambua gari lililoghushiwa.

Si hiyo tu. Ataitambua Mustang ya Bullitt ingawa ilivuliwa alama ya farasi katika grili. Atakueleza kwamba "Eleanor" ya Nicolas Cage katika Gone in 60 Seconds ya mwaka 2000 inaitwa Shelby GT500 ya mwaka 1967, ilhali magari yaliyotumika yalikuwa Mustang za kawaida zilizovishwa nguo za kukodi. Na katika Vanishing Point ya mwaka 1971, Dodge Challenger nyeupe inapojigonga kwenye matingatinga na kulipuka, atasimamisha picha na kukuonyesha kwamba kinacholipuka si Challenger hata kidogo. Ni ganda la Chevrolet Camaro ya 1967.

Wasomi wenzangu, hii ndiyo kazi ya mhakiki wa miswada ya kale. Anayetaka kujua utenzi ulinakiliwa lini na nani hatosheki na uzuri wa herufi. Anatafuta mahali mkono ulipoteleza. Kwa kazi ya namna hiyo sisi tunatoa shahada ya uzamili. Kijana wa Kyela anaifanya kwa kiingilio cha shilingi mia tano, hana maktaba, hana msimamizi, na mara nyingi picha anayoitazama imenakiliwa mara nyingi hadi rangi zimechujuka. Akiwa na uwezo huo wa kutofautisha taa na taa, mwaka na mwaka, halafu akaja mtu kumwambia kwamba hana akili, nani hasa ametoa ushahidi wa upungufu wa akili?

Kuna jambo jingine ambalo vikao vyetu havilijui, na ambalo limeandikwa. Wanyakyusa wa bonde hili walikuwa na utaratibu uliomvutia sana Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti hapa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930. Wavulana wa rika moja, wakifika umri wa miaka kumi au kumi na mmoja, walitoka kulala katika nyumba za baba zao, wakajijengea vibanda vyao pembeni, na kijiji hicho cha rika kikakua pamoja nao mpaka kikawa kijiji cha watu wazima wenye wake na ng'ombe. Kitabu alichokitoa mwaka 1951 kinalieleza neno ukwangala: raha ya kukaa na wenzako na kuzungumza. Wazee waliomweleza hawakuihesabu raha hiyo kuwa upuuzi. Kwao ilikuwa shule, maana busara mtu huipata kwa kubishana na walio sawa naye. Sidai kwamba kibanda umiza ni kijiji cha rika kilichofufuka. Nasema kwamba afisa anayeshangaa kwa nini vijana wa Kyela hujikusanya rika kwa rika mahali ambapo wazee hawaingii, anashangaa jambo ambalo bibi yake angelieleza kwa sentensi moja.

Tena kibandani kuna msimulizi. Watanzania wa umri fulani wanalikumbuka jina la Lufufu, Derek Mukandala, ambaye sauti yake ilizitia Kiswahili filamu za kila taifa. Kampala wanaye VJ Jingo. Wenye shahada huwacheka wasimulizi hawa kwamba wanaongeza chumvi, kwamba wanampa mhusika wa Los Angeles jina la mtu wa Manzese. Lakini Vanishing Point yenyewe imebebwa na msimulizi. Ni mtangazaji wa redio, mtu mweusi, kipofu, anaitwa Super Soul na ameigizwa na Cleavon Little. Yeye ndiye anayewasimulia wasikilizaji mbio ambazo mwenyewe hazioni, na ndiye anayemwongoza dereva Mzungu, Kowalski, kuwakwepa polisi njiani kutoka Denver kuelekea San Francisco, mpaka siku wabaguzi wanapoivamia studio na kumpiga. Yaani moyo wa filamu hiyo ya magari ni sauti ya mtu mweusi anayesimulia picha. Kibandani hilo hueleweka bila mhadhara.

Nakubali yanayopaswa kukubaliwa. Mtoto wa darasa la tano hana kazi kibandani saa nne asubuhi, na filamu za watu wazima si za macho yake. Hayo yana sheria yake, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976, na anayeisimamia kwa haki simpingi. Ninachokipinga ni kuikunja sheria ya kulinda watoto ikawa fimbo ya kuwadharau watu wazima wa miaka ishirini na mitano.

Sasa nije kwenye shauri langu na vijana wenyewe, na hapa naomba wasomaji waliokuwa wakitikisa vichwa kwa kukubali wasiache kusoma.

Elimu yenu, ndugu zangu, inakomea kwenye nembo. Mnajua gari ni la mwaka gani, injini ina lita ngapi, nani aliliendesha na nani aliliruka. Waulizeni wenzenu swali moja: nani aliliunda? Mtajibiwa "Dodge", kana kwamba Dodge ni mtu mwenye mikono miwili. Filamu imewafundisha jibu hilo. Katika filamu hizi zote kamera huingia gerejini, huingia baharini, huingia ndani ya boneti ikatazama pistoni, lakini haiingii kiwandani. Gari hutokea tu, kama mvua. Ipo filamu ya Blue Collar ya mwaka 1978, Richard Pryor akiwa mfanyakazi wa kiwanda cha magari, lakini sijapata kuikuta katika kibanda chochote, na hamna mbio za maana humo.

Basi twende kiwandani. Challenger ya mwaka 1970, ile ya Kowalski, iliundwa katika miji miwili: Los Angeles, na Hamtramck, mji mdogo uliozungukwa karibu pande zote na jiji la Detroit. Kiwanda cha Hamtramck kiliitwa Dodge Main, na Charger nazo ziliundwa humo. Mwanzoni mwa Mei 1968, mwaka ule ule ambao Bullitt iliingia kwenye kumbi za sinema, wafanyakazi wa Dodge Main waligoma bila baraka za chama chao. Malalamiko yao yalikuwa ya kueleweka na fundi yeyote: mstari wa kuundia magari ulikuwa unaongezwa kasi, na mikono ni ile ile. Waligoma weusi na weupe. Adhabu zilipotolewa, ziliwaangukia zaidi weusi. Kutokana na mgomo huo likazaliwa Vuguvugu la Kimapinduzi la Wafanyakazi wa Dodge, ambalo kifupi chake kwa Kiingereza ni DRUM, yaani ngoma. Na ngoma ilisikika. Makundi ya namna hiyo yakaota katika viwanda vingine, na mwaka 1969 yakaungana katika Ligi ya Wafanyakazi Weusi wa Kimapinduzi. Walikuwa na msemo wao kuhusu ile iliyoitwa teknolojia mpya: walidai kwamba mashine mpya ilikuwa ni mtu mmoja mweusi kufanya kazi ya watu watatu.

Kumbukeni kwamba jiji lenyewe lilikuwa limewaka moto mwaka mmoja kabla. Julai 1967 watu 43 walikufa katika maasi ya Detroit. Hayo hayamo katika filamu yoyote ya mbio za magari.

Kiwanda cha Eldon, mjini humo humo, ndicho kilichotengeneza ekseli za magari ya kampuni ya Chrysler, mama wa Dodge. Mnapoona gurudumu la nyuma la Charger likifuka moshi, nguvu ya injini imepita katika kazi ya aina hiyo. Julai 1970 mfanyakazi mmoja mweusi wa Eldon, mtoto wa wakulima maskini wa Mississippi, akiwa amesimamishwa kazi siku hiyo hiyo, alirudi na bunduki akawaua watu watatu. Simsifu. Lakini kesi yake iliposikilizwa, wakili wake aliwaomba wazee wa baraza wapelekwe kiwandani wajionee mahali alipokuwa akifanya kazi. Wakapelekwa, wakaona, wakarudi na uamuzi kwamba hakuwa na akili timamu alipotenda. Kiwanda kilikuwa sehemu ya utetezi. Fikirini ni mahali pa namna gani ambapo kupaona tu kunamgeuza mwuaji kuwa mgonjwa machoni pa wasikilizaji wa kesi.

Na sasa lile la Charger ya chungwa. Gari la The Dukes of Hazzard lina jina, linaitwa General Lee, na juu ya paa lake imechorwa bendera. Robert E. Lee alikuwa jemadari wa majeshi ya majimbo ya kusini yaliyojitenga na Marekani mwaka 1861 ili yaendelee kumiliki watu. Bendera ile ni ya vita vyake. Kijana mweusi wa Kyela anayelishangilia gari hilo likiruka anashangilia, bila kujua, bango la waliopigana ili mtu kama yeye auzwe mnadani. Upande wa pili yupo Jenerali mwingine. Miongoni mwa viongozi wa mgomo wa Dodge Main alikuwa mfanyakazi aliyepewa na wazazi wake jina la General: General Baker. Huyo hakuwa na cheo cha jeshi wala paa la kuchorewa bendera. Alifukuzwa kazi kwa sababu ya mgomo. Dodge moja, majenerali wawili, na sinema ikamchagua mmoja. Nawauliza mabingwa wa kutofautisha grili ya 1969 na ya 1970: tofauti hii iliwapitaje?

Haiwezi kuwa ni kwa sababu mambo haya ni ya mbali. Zama za magari ya misuli zilikwisha kwa sababu kadhaa: sheria ya hewa safi ya mwaka 1970, bima iliyopanda, na mwishowe mgogoro wa mafuta ulioanza Oktoba 1973. Pigo hilo la mafuta ndilo lililoikuta Tanzania ikiwa katikati ya ukame na ya kuhamishia watu vijijini. Fedha za kigeni zikamalizikia kwenye petroli na chakula. Wazee wanakumbuka zama za marufuku ya magari binafsi Jumapili. Kwa hiyo Mmarekani aliyelazimika kuiuza Charger yake kwa sababu inakunywa mafuta, na mkulima wa mpunga wa Kyela aliyekaa wiki akisubiri lori la kubebea gunia zake, waliguswa na bei moja. Historia yao ni moja tayari. Kinachokosekana ni wa kuisimulia.

Wala si mara ya kwanza kwa watu wa mwambao huu kuitazama Marekani kwenye turubai. Babu za vijana hawa walitoka Kyela na Rungwe kwenda dhahabu ya Lupa, kisha Copperbelt, na wengine kwa mikataba ya Wenela hadi migodi ya Johannesburg. Walichimba shaba, na bila shaba gari la zama zile lisingekuwa na waya wala radieta. Hortense Powdermaker, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyekaa Luanshya katika miaka ya 1950, aliwakuta wachimbaji wakijazana kwenye sinema ya wazi kutazama filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani, wakipiga kelele na kumshauri shujaa apige ngumi wapi. Wakubwa wa migodi nao walikuwa na mashaka yao kuhusu sinema na adabu ya Mwafrika. Maneno ya vikao vyetu si mapya. Yamebadilisha tu mdomo.

Wapo watakaoniuliza: hayo ya Detroit yana faida gani kwa mtu anayeendesha bodaboda kati ya Kyela mjini na Matema? Nitajibu kwa chungu. Ikombe, kando ya Matema chini ya milima ya Livingstone, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu ambavyo vinajulikana kusini magharibi yote. Huvukishwa kwa mitumbwi, hupakiwa kwenye malori, vikafika Mbeya, vikafika Dar es Salaam, na huko vikawekwa vioo na kuuzwa kama mapambo. Muuzaji atakutajia kwamba ni chungu cha Kyela. Jina la mfinyanzi hajui, wala hajaulizwa. Kakao yetu hupita njia hiyo hiyo. Hupigwa mnada kwa stakabadhi ghalani, hupanda meli, na hurudi, ikirudi, ikiwa kipande cha chokoleti chenye picha ya milima ya Uswisi. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipita dola 10,000 kwa tani, magazeti ya uchumi yakaandika kurasa na kurasa kuhusu wanunuzi. Mustang moja kati ya zile za Bullitt, ikiwa na kutu na bila kukarabatiwa, iliuzwa mnadani Januari 2020 kwa dola zaidi ya milioni tatu. Bei ilipanda kwa sababu McQueen aliikalia. Wanaoikalia wana majina.

Mtu aliyefundishwa na sinema kwamba gari halina mwenye kuliunda hatapata shida kuamini kwamba chungu hakina mfinyanzi na kakao haina mkulima. Hapo ndipo hatari ilipo. Afisa anaogopa kijana atajifunza wizi wa magari kutoka kwa Nicolas Cage. Mimi naogopa atajifunza kujisahau.

Na amekwisha kuanza kusahauliwa na wengine. Ukishuka kutoka Tukuyu kwenda Kasumulu utapita gereji za kando ya barabara ambako Noah iliyotembea nusu ya Asia inafufuliwa. Fundi anachonga bushi, anaunganisha shokomzoba za gari jingine, anaisikiliza difu kama daktari asikilizavyo kifua. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, ameonyesha kwa kirefu kwamba mafundi wa Tanzania hawakuwa wapokeaji tu wa magari ya wageni. Waliyaunda upya kwa mahitaji ya barabara zetu. Ilibidi Mmarekani aandike. Vyuo vikuu vyetu vina idara za historia, za sosholojia, za uhandisi. Hesabu ni tasnifu ngapi zimekaa gerejini. Hata lori letu wenyewe, Nyumbu, lililobuniwa Kibaha katika miaka ya 1980 chini ya jeshi, wanafunzi wangu wengi hawalijui hata kwa picha. Waambie wakutajie gari la Toretto, wanajibu kwa pamoja.

Kwa hiyo ninayo ya kuwaambia watumishi, na si ya kinadharia. Tangu Januari 2024 mitaala mipya imeanzisha mkondo wa amali katika shule za sekondari, na VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Mambo yote mawili ni mema. Lakini nikisikia namna yanavyozungumzwa maofisini, amali inaeleweka kuwa elimu ya mikono kwa walioshindwa elimu ya kichwa. Mtoto atafundishwa kufungua giaboksi, hatafundishwa kuuliza giaboksi hiyo iliundwa na nani, kwa ujira gani, na kwa nini haijaundwa Kibaha. Hiyo itakuwa ni kuwaandaa watu wa kusimama kwenye mstari wa Dodge Main bila hata kuwaambia kwamba waliowahi kusimama hapo waligoma. Fundi mwenye cheti asiyejua historia ya ufundi anafaa sana kwa mwajiri. Kwa nchi sijui anafaa nini.

Kwa walimu wa vyuo neno langu ni fupi zaidi. Acheni kuandika makala za "athari za utandawazi kwa vijana" ambazo ndani yake hamna kijana hata mmoja aliyesema kitu. Nendeni kibandani, lipeni kiingilio, kaeni kwenye benchi, mkosolewe. Mtakapodai kwamba Charger ya Bullitt ni sawa na ya Toretto mtachekwa, na mtakuwa mmestahili.

Na kwa vijana nina pendekezo. Ipo filamu iliyotengenezwa Detroit mwaka 1970 kwa kushirikiana na ile Ligi ya wafanyakazi weusi, inaitwa Finally Got the News. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, hamna mbio, hamna anayeruka mto. Lakini inaingia pale ambapo kamera ya Hollywood iligoma kuingia: inaonyesha bodi za magari zikija kwenye mstari moja baada ya nyingine, na watu wanaoziunda wakizungumza kwa midomo yao. Inahitaji msimulizi mzuri wa Kiswahili. Akijua na Kinyakyusa, bora zaidi. Haifiki urefu wa saa moja, kwa hiyo mwenye kibanda anaweza kuiweka kabla ya mechi bila kupoteza wateja. Atakayekubali kuionyesha, iwe Kyela mjini, Ipinda au Matema, aniandikie. Kiingilio cha wote nitalipa mimi, ila kwa sharti kwamba baada ya taa kuwashwa watu wasitawanyike upesi.